Shajara ya mradi: nyimbo za mafuriko, bila nyimbo zenyewe

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Tumeanza. Kipindi cha sauti cha Kiswahili, sehemu tano, kila sehemu dakika ishirini na ushee, kuhusu nyimbo ambazo Wamarekani weusi waliimba walipofurikiwa kisha wakatelekezwa. Tunaanzia mto Mississippi mwaka 1927, tunaishia New Orleans baada ya Kimbunga Katrina cha 2005. Wafanyakazi ni wawili: mimi naandika na kusoma, mdogo wangu anashika rekoda na kukata sauti. Studio ni kabati la nguo la mama, limetandikwa blanketi mbili, na godoro la mtoto limesimamishwa mlangoni. Tunarekodi kuanzia saa saba usiku, bodaboda zikipungua. Ukisoma dakika kumi unatoka umeloa kama umetoka kisimani.

Kikwazo kimejitokeza kabla rekoda haijawashwa. Kipindi kinahusu nyimbo, na nyimbo hatuwezi kuzipiga. Zote za 2005 na kuendelea zina wenyewe, na ada zao hazimo mfukoni mwetu. Nilidhani za 1927 zitakuwa huru kwa uzee wake. Kumbe sheria ya Marekani inatenganisha wimbo na rekodi yake. Wimbo uliochapishwa 1927, yaani maneno na lahani, ni mali ya umma tangu Januari 2023. Rekodi iliyotolewa mwaka huohuo inalindwa miaka mia, hadi mwisho wa 2027.

Mdogo wangu kanisikiliza, kisha akasema, “Dada, kwa hiyo tukipata mtu wa kuupuliza upya, hatudaiwi na mtu.”

Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: TUTAFUTE MATARUMBETA.

Alhamisi

Nimetupa kurasa mbili nzima. Nilikuwa nimeandika kwamba Bessie Smith, mwimbaji mweusi wa blues, katika “Back-Water Blues”, aliimba mafuriko makubwa ya Mississippi. Tarehe zinanikatalia. Yeye na mpiga piano James P. Johnson waliurekodi Februari 17, 1927. Tuta la Mounds Landing, juu kidogo ya Greenville katika jimbo la Mississippi, lilipasuka Aprili 21. Wimbo uliyatangulia maji kwa miezi miwili. Mafuriko yaliyokuwa nyuma yake ni mengine, madogo zaidi, ya mto Cumberland huko Nashville, Krismasi ya 1926. Msiba mkubwa ulipofika, watu waliukuta wimbo umeshatoka, wakaufanya wao.

Kosa hili limenifaa kuliko nilivyotarajia. Wimbo wenyewe hausemi mto gani. Unasema mwanamke kachukuliwa kwa mashua, kapanda kilimani, anaitazama chini nyumba aliyokuwa akikaa, na hana pa kwenda. Serikali haitajwi, mzungu hatajwi. Aliyekuwa juu ya tuta la Greenville miezi miwili baadaye hakuhitaji kutajiwa.

Ijumaa

Habari ya Greenville naiandika hapa kwa kirefu, kwa sababu sehemu ya kwanza yote inaegemea hapo.

Maelfu ya watu weusi walikwama juu ya tuta, ukanda mwembamba wa udongo, mto upande huu na maji ya mafuriko upande ule. Meli zilikuja kuwachukua. Waliopanda wengi wao walikuwa wazungu. Wenye mashamba ya pamba waliogopa kwamba vibarua wakishapelekwa mbali hawatarudi, basi weusi wakaachwa palepale, wanalindwa na askari wenye bunduki, wanafanyishwa kazi ya kupakua shehena za msaada na kuziba tuta. Ili upate chakula ulitakiwa kuvaa kitambulisho kinachoonyesha wewe ni kibarua wa nani. Kwa jumla mafuriko yale yaliwatoa makwao watu zaidi ya 600,000.

Charley Patton, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues, alikuwa mtu wa huko huko. Mwaka 1929 alirekodi “High Water Everywhere”, wimbo mrefu uliobidi ukatwe pande mbili za sahani. Anataja miji mmoja baada ya mwingine: Leland, Greenville, Rosedale, Vicksburg, Blytheville, kama mtu anayesoma orodha ya walioitwa. Katikati anasema kitu kimoja ambacho nimekirudia kukisikiliza mpaka mama akauliza kama redio imekwama. Anasema angekwenda huko kwenye vilima, kwenye nchi ya juu, ila amefungiwa njia.

Hapo ndipo ninapoutundika mradi wote. Hazilii maji nyimbo hizi. Maji ni ya Mungu na mvua hainyeshi kwa chuki. Zinamlilia aliyesimama penye njia ya kupandia na kusema huku hupiti.

Wiki ya pili, Jumatatu

Siku nzima imeliwa na maneno mawili.

La kwanza ni “tuta”. Nimemsomea jirani aya ya Mounds Landing: tuta likapasuka, maji yakaingia mashambani. Akaniuliza, “Tuta la barabarani?” Ana haki. Kwa mtu wa Dar es Salaam tuta ni lile la kupunguza mwendo wa magari. Nimeamua hivi: kwa 1927 nasema “tuta la mto, kubwa kama kilima kirefu”, mara ya kwanza tu, halafu tuta. Kwa 2005 silitumii kabisa kwenye mifereji ya mjini, kwa sababu kule kilichoanguka ni kuta za zege na chuma zilizosimikwa kandokando ya mifereji. Mfereji wa 17th Street na ule wa London Avenue, kuta zilianguka maji yakiwa bado hayajafika kimo zilichojengewa kuzuia. Hilo halikusemwa na wanaharakati peke yao. Juni 2006 wahandisi wa jeshi la Marekani, ndio waliozijenga, walikiri kwamba mfumo wao ulikuwa na kasoro.

La pili ni “wakimbizi”. Magazeti ya Marekani yaliwaita hivyo watu wa New Orleans, na viongozi weusi, Jesse Jackson mmojawapo, wakakataa: hawa ni raia ndani ya nchi yao na wanalipa kodi, vipi wawe wakimbizi? Baadhi ya magazeti yakaliacha neno. Kwetu neno hilo limeshazoea kazi nyingine, linamkaa mtu aliyevuka mpaka na kuishi kambini. Nikiliweka bila maelezo, msikilizaji atasikia ugeni uleule waliokuwa wanaukataa. Nimeweka “waathirika”. Ni neno la mikutano ya wafadhili, silipendi, ila halimtoi mtu kwenye nchi yake.

Jumatano

Umeme umekatika saa nane usiku katikati ya sehemu ya pili. Tumelala.

Ijumaa

Hesabu ya waliokufa. Kwa miaka mingi iliandikwa 1,833, na ndiyo imo kwenye kila makala niliyohifadhi. Mwaka 2023 kituo cha vimbunga cha Marekani kiliipitia upya na kuiweka 1,392. Nasoma 1,392 na kueleza kwa sentensi moja ile ya zamani ilivyozoeleka. Mdogo wangu anaona namba ndogo itapunguza uzito. Nimemwambia uzito uko kwenye umri: karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa na miaka 75 au zaidi. Hao ni watu wa kubebwa mgongoni. Mji ulipoambiwa uhame, uliambiwa kama vile kila nyumba ina gari.

Asilimia 80 ya mji ilikaa majini. Watu wakarundikana uwanja wa Superdome na kwenye ukumbi wa mikutano, siku zinapita, mabasi hayaji. Na ile ya picha mbili nimeiweka, ingawa inajulikana: kijana mweusi anakokota bidhaa majini, maelezo yanasema kapora duka, wazungu wawili wanakokota bidhaa majini, maelezo yanasema wamezipata.

Wiki ya tatu, Jumanne

Sehemu ya tatu: Septemba 2, 2005, kituo cha NBC, kipindi cha moja kwa moja cha kuchangisha pesa. Rapa Kanye West kasimama na mchekeshaji Mike Myers. Myers anasoma alichoandikiwa. West anaacha alichoandikiwa, anazungumzia zile picha, anababaika, zamu yake inarudi na hapo anasema: George Bush hajali watu weusi. Bush ndiye aliyekuwa rais. Myers kakodoa macho. Kamera ikahamishwa kwa Chris Tucker. Kwa watazamaji wa pwani ya magharibi, waliorushiwa saa chache baadaye, sentensi ilishakatwa.

Kuitafsiri ilikuwa dakika moja, na ndicho kinachonitatiza. Sisi tumelelewa na taarabu, fumbo mfumbie mjinga. Mtu akitaka kumsema mkubwa, anamsema kuku au jirani asiye na jina, na ukumbi mzima unajua. Ile haina kuku. Ni jina na kosa. Ningekuwa ukumbini ningetazama viatu vyangu.

Lakini nyimbo zilizofuata zina ufundi tunaoujua. Houston, mji uliopokea mabasi ya watu kutoka Superdome, kundi la The Legendary K.O. lilichukua sentensi ile, likachukua na biti ya wimbo wa West mwenyewe uliokuwa unatamba wakati huohuo, wakachana juu yake habari ya mtu aliyekwama nyumbani akisubiri msaada, wakauachia bure kwenye intaneti mwezi huohuo. Watu walikuwa tayari wanaicheza ile biti. Mwili unacheza, sikio linapokea mashtaka.

Rapa Lil Wayne, mtoto wa Hollygrove, New Orleans, alifanya fumbo kamili mwaka 2006. Alichukua wimbo wa wenzake wa kusifu jimbo la Georgia, wenye sauti ya Ray Charles ndani yake, akaongeza neno moja la ukoo. Georgia ikawa George Bush. Hilo hata Mtanga angelipigia makofi.

Na rapa Juvenile, aliyekulia nyumba za serikali za Magnolia, alipiga video mtaani Lower Ninth Ward, kwenye vifusi vyenyewe, watoto wamevaa vinyago vya sura za Bush, makamu wake Cheney na meya wa mji, Nagin. Meya ni mweusi. Nimemwekea alama hiyo kwa wino mwekundu, kwa sababu msikilizaji wetu atapenda kuigawa hadithi hii weusi huku na weupe kule, na Juvenile hakuigawa hivyo.

Alhamisi

Lower Ninth Ward inadai aya yake. Wakazi wengi waliamini ukuta wa mfereji wa Industrial ulilipuliwa kwa makusudi. Uchunguzi haukukuta baruti. Basi kwa nini waliamini? Kwa sababu Aprili 29, 1927, kwa amri na mchana kweupe, tuta la Caernarvon chini ya New Orleans lililipuliwa kwa baruti ili mji upone, na maji yakapelekwa kwa watu wa parokia (ndivyo Louisiana inavyoziita wilaya zake) za St. Bernard na Plaquemines. Waliahidiwa fidia, wakapata kiduchu. Mwaka 1965 Kimbunga Betsy kikaizamisha Lower Ninth, maneno ya baruti yakarudi. Mwaka 2005 yakarudi tena. Rasimu ya kwanza niliyaita “uvumi”. Nimelifuta neno. Nimeandika “kumbukumbu iliyokosea mwaka”.

Jumamosi

Leo tumewapata matarumbeta.

Walikuwa kwenye harusi, wamejipanga nyuma ya pikapu, tarumbeta tatu, tromboni moja, ngoma kubwa na ndogo, msafara wa magari nyuma na vijana wa mtaani wanakimbia kando wakicheza. Nilipoiona nikajua sihitaji aya ndefu ya kueleza “mstari wa pili” wa New Orleans. Kule mstari wa kwanza ni bendi na wenye shughuli. Mstari wa pili ni wewe uliyesikia ngoma ukatoka jikoni ukafuata. Na nyuma ya bendi zile kuna klabu ambazo kazi yake ya asili ni vyama vya kufa na kuzikana. Pwani yetu iliwahi kuwa nazo: vyama vya beni, Arinoti na Marini, vyenye vyeo vya kijeshi na tarumbeta za kuringiana.

Kiongozi wao ni mzee wa makamo yaliyopita. Nikamwamkia, akapokea, nikamweleza. Akakaa kwenye ukingo wa pikapu, akadondoshea vali za tarumbeta mafuta ya cherehani, tone moja moja, akasema, “Haya mwanangu, niimbie huo wimbo.”

Nikamwimbia lahani ya Bessie Smith bila maneno, kwa aibu, kwenye sikio lake moja. Akaipata mara ya pili. Mara ya tatu akaipuliza polepole, vijana wakanyamaza. Kisha akaishusha tarumbeta.

“Mstari anaurudia. Halafu anaujibu mwenyewe.”

“Ndiyo, mzee.”

“Hana kiitikio? Hana wa kumwitikia?”

Nikasema ndivyo wimbo ulivyo, yuko peke yake juu ya kilima. Akatikisa kichwa. “Basi mimi nitampa waitikiaji,” akasema, na akamnyooshea kidole mpiga tromboni. Tumekubaliana Jumamosi ijayo, mchana, kabla ya harusi nyingine.

Wiki ya nne, Jumatatu

Sehemu ya nne imenichosha kwa sababu ni ya makaratasi, na hesabu haiimbiki. Mpango wa Louisiana wa kuwasaidia wenye nyumba kujenga, Road Home, ulitazama gharama ya kujenga na thamani ya nyumba kabla ya mafuriko, ukachukua iliyo ndogo. Nyumba mbili za ukubwa mmoja, zimeharibika sawasawa, moja mtaa wa weusi na moja mtaa wa weupe. Ya kwanza sokoni ilikuwa na bei ndogo kwa sababu ya mtaa wake, basi mwenyewe anapewa pesa kidogo, na mbao za kujengea zinauzwa bei moja. Walishtaki, kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2011. Dakika tatu zinatosha.

Magnolia ya Juvenile pia. Desemba 20, 2007, baraza la mji lilipiga kura zote saba kubomoa nyumba za serikali sehemu nne, na hiyo ikiwamo, jumla kama nyumba 4,500. Nje ya ukumbi watu walipuliziwa dawa ya pilipili. Mwaka mmoja na ushee kabla ya hapo, Agosti 31, 2006, rapa Mos Def alikuwa amechukua biti ya wimbo wa kuisifu Magnolia hiyohiyo, akaiwekea maneno ya Katrina, akaegesha lori la wazi nje ya Radio City Music Hall, New York, tuzo za MTV zikiendelea ndani, akaanza kuimba. Polisi wakamkamata.

Mdogo wangu kasikia “lori la wazi” akacheka: “Matarumbeta.”

Jumatano

Hii nayo lazima iingie, ingawa haina nyota wa televisheni. Baada ya kimbunga polisi wa New Orleans walipandisha ada ya kibali cha maandamano ya klabu hadi zaidi ya dola 4,000. Klabu zikaenda mahakamani, 2007 zikapata nafuu. Na Oktoba 1, 2007, mtaa wa Treme, wapigaji walikuwa wanatembea usiku wakimpigia marehemu mwenzao, Kerwin James, mpiga tuba wa New Birth Brass Band, kabla ya mazishi yake. Polisi wakaja na magari mengi, wakakamata wawili. Kosa: kuvuruga amani na kuandamana bila kibali. Walikuwa wanapiga wimbo wa kanisani.

Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kumtukana rais. Katika mtaa ambao watu wake wengi walikuwa hawajarudi, kupita barabarani na tarumbeta ni kusema tupo. Nadhani polisi waliuelewa wimbo kuliko wachambuzi.

Jumamosi

Tumerekodi chini ya mwembe, mara nne. Mara ya kwanza muadhini kaingia, ya pili muuza samaki, ya tatu mzee mwenyewe hakuridhika. Ya nne ndiyo. Tarumbeta inasema mstari, inaurudia, na inapofika kwenye jibu tromboni inaingia chini yake.

Wakati vijana wanapakia ngoma nimewapigia kwenye simu dakika sita za sehemu ya tatu, ile ya daraja. Alhamisi, Septemba 1, 2005, watu walioambiwa mabasi yako ng’ambo ya mto walipanda daraja la Crescent City Connection kwa miguu kuelekea Gretna, upande ambao haukufurika. Polisi wa Gretna, mji wenye wazungu wengi, walikuwa wamefunga njia na wakapiga risasi hewani. Mkuu wao alisema mji wake haukuwa na chakula wala pa kuwaweka. Mwaka 2007 baraza la raia walioitwa na mahakama lilikataa kufungua mashtaka. Baada ya hapo nimeunganisha na Charley Patton, miaka 76 nyuma, anayeijua nchi ya juu iliko na amefungiwa njia. Nilijivunia sana muunganiko huo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa Jangwani mafuriko ya Desemba 2011, akahamia Mabwepande na wenzake. Hakusema chochote kuhusu Patton.

“Hao waliorudishwa,” akauliza, “usiku ule walilala wapi?”

Kwenye skripti yangu watu wanafika darajani, risasi zinapigwa, nami naruka mwaka 1929.

Jumapili

Nimerudi kwenye maandishi ya waliokuwapo. Walipiga kambi barabarani, katikati ya barabara kuu ya juu karibu na daraja. Walipata maji na chakula kidogo, wakakusanya takataka kwenye mifuko, wakafanya mfereji wa maji ya mvua kuwa choo, watoto wakauzungushia plastiki na miavuli iliyovunjika. Familia nyingine zikaona pametulia, zikajiunga. Jioni gari la polisi wa Gretna likaja, likawaamuru watoke, na helikopta ikashuka chini, upepo wake ukapeperusha vibanda. Afisa aliondoka na chakula na maji yao. Wakatawanyika gizani.

Dakika mbili na nusu. Patton amesogezwa mpaka baada ya hapo. Kesho saa saba usiku narekodi upya, umeme ukikubali.